Jezi ya Mwamuzi

Fundi Shaweji alikuwa ametia fremu jezi nyingi za wafungaji, lakini hii ilikuwa ya kwanza ya mwamuzi kuingia dukani kwake. Ilikuwa ya manjano, imejaa sahihi za wachezaji wa timu zote mbili za fainali. Mwenyewe, Nyamizi, alikaa kwenye stuli akimtazama.

Shaweji aliitandaza ndani ya kisanduku cha mbao, akaishikiza mabegani kwa uzi mwembamba, kisha akaweka picha chini yake. Nyamizi alionekana amenyoosha mkono, anakataa goli la dakika ya mwisho la timu ya mji wake mwenyewe.

"Walitia sahihi lini?"

"Juzi, nilipostaafu. Walikuja nyumbani wote, hata yule mfungaji. Alikiri kwamba aliushika ule mpira."

Shaweji aliinua kioo, akakirudisha mezani.

"Mimi nilikuwa nyuma ya goli siku ile, dada. Niliuona mkono wake ukigusa mpira. Nikakuzomea pamoja na wenzangu."

Siku ile Nyamizi alitoka uwanjani peke yake, kwa mwendo wake wa kawaida, chupa zikimwangukia, na Shaweji hakuwahi kuusahau mwendo ule.

"Basi usifunge kwanza," Nyamizi alisema, akampa kalamu kutoka mkobani.

Shaweji alijifuta mikono kwenye suruali. Akaiinamia jezi kwa muda mrefu, akitafuta mahali palipobaki wazi.