Kasi ya Poti ya Kilimani

Herufi kwenye skrini zilivurugika, kisha kituo cha simu cha kilimani kikanyamaza kimya. Meneja hakupaza sauti, na hapo ofisi nzima ikajua mambo yameharibika.

"Fundi, umefanya tena."

"Kidole kimeteleza, bosi."

Mtambo wa kilimani uliongea na ofisi kupitia poti moja tu, yaani mlango wa data, na pande zote mbili zilitakiwa ziwe na kasi ileile ya kutuma herufi. Ukibadilisha kasi ya kule huku umeingia kwa poti hiyohiyo, umejikata mwenyewe. Hapo hakuna dawa ila kupanda kilima na waya wako, ukairudishe kwa mkono.

"Nenda ukairekebishe," meneja alisema. "Na unisikilize vizuri. Ikikatika tena, sikufukuzi. Nakuhamishia hukohuko kilimani, ukae na mtambo wako mpaka ustaafu."

Wenzake waliinamisha vichwa. Kule hakukuwa na duka, maji yalichotwa bondeni, na upepo uling'oa mabati.

Fundi aliunganisha viganja. "Bosi, nionee huruma. Hilo usinifanyie."

Huko kilimani, mtunza kituo, mjane mwenye ulimi usio na breki, alimpokea getini mikono kiunoni.

"Kitendawili!"

"Mama, nina kazi."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Kajifungia nje, ufunguo kauacha ndani, na bado anaitwa mtaalamu."

Fundi alivua kofia. "Mimi huyo."

"Umepata. Kung'uta viatu, uingie."

Fundi akachomeka waya, akarudisha kasi, akajaribu, akajaribu tena. Herufi zikatoka safi. Muda wote mjane alisimama nyuma yake akimsimanga: anagonga vitufe kama anatwanga, shati halina kifungo, kwani huko kwake hakuna mtu wa kumtazama?

"Hakuna," alisema fundi.

Mjane akalitazama tena shati lile lisilo na kifungo.

"Ikiharibika tena wananihamishia huku," fundi akaongeza.

"Huku? Yaani niwe na balaa mbili, upepo na wewe? Tengeneza vizuri, bwana!"

Akatengeneza vizuri. Aliporudi, meneja aliijaribu ile poti mwenyewe, ikajibu papo hapo. Akamgonga begani.

"Umenusurika, ndugu yangu. Roho ingeniuma kweli kukupeleka kule."

"Asante, bosi. Sijui ningefanyaje."

Kesho yake, wenzake walipotoka kwenda kula mchana, fundi alifuta miwani yake, akaingia kwenye poti ya kilimani. Akachagua kasi nyingine, akaitazama vizuri asije akakosea, akabonyeza. Kituo kikanyamaza.

Kisha akavaa sura ya msiba, akaenda kugonga mlango wa meneja.