Moto wa Mara Tatu

Mutabazi alipokifungua kifurushi alicholetewa na mgeni, alirudi nyuma hatua moja. Shati la buluu lililofungia chuma lilikuwa la kaka yake, Nkusi. Na chuma chenyewe, bloki ya injini ya pikipiki, kilikuwa na kovu pembeni. Lilikuwa la ufa aliouchomelea yeye mwenyewe kwenye pikipiki ya Nkusi.

Nkusi alikuwa na siku kumi na moja hajulikani alipo. Ulikuwa Oktoba 1990, vita vimeanza kule mpakani, na watu wa Kigali walichukuliwa majumbani kwa kuitwa vibaraka wa adui. Waliorudi walikuwa wachache.

"Rangi nyeusi," alisema mgeni. Alivaa buti za jeshi na hakutaka kukaa. "Namba ya injini isionekane, hata kwa kidole. Uchome mara tatu. Mwenye pikipiki iko na safari ndefu."

"Mwenye pikipiki ni nani?"

Mgeni aligeuka kutazama mlangoni. Pale, juu ya kigoda, aliketi Nshimiyimana, kiongozi wa mtaa, ambaye siku hizo hakukosa sababu ya kuja kunywa chai kwenye karakana ya Mutabazi, mtaani Biryogo.

"Kesho nakuja kuchukua," mgeni alisema. "Na hilo shati usitupe."

Akaenda zake. Mutabazi alilisukuma shati chini ya meza kwa mguu, maana kuligusa hakuweza. Aliona wazi alichoambiwa: tazama tulichomfanya kaka yako, na wewe nyamaza.

"Kazi iko, naona," alisema Nshimiyimana, akipuliza chai yake. "Sisi bado tunatafuta pikipiki ya kaka yako. Namba ya injini iko kwa bariyeri zote za askari barabarani, mpaka kwa daraja la Nyabarongo. Mwenye kushikwa nayo hatarudi kwake."

Mutabazi alitupia gunia juu ya bloki. Angesema neno moja, kwamba mwanajeshi yule ameiiba na anaificha hata kwa wenzake, wangeanza na yeye.

Jambo moja lilimsumbua: nani alimwambia mgeni habari ya mara tatu? Hiyo ilikuwa siri ya nyumbani. Mama yao, Mukandekezi, aliwaachia tanuri la mikate, na Nkusi ndiye aliyegundua kwamba linaweza kukausha rangi ya injini. Moto mdogo, chuma kipoe. Moto wa kati, kipoe. Kisha moto mkali. Rangi ikipita hapo, hata petroli haiibandui. Mutabazi akajijibu mwenyewe: mtu akipigwa sana husema yote.

Asubuhi aliweka makopo mawili mezani. Moja lilikuwa la rangi ya kuhimili moto, aliyoletewa kutoka Bujumbura. La pili lilikuwa la rangi ya kupakia mageti, isiyovumilia joto. Zikiwa mbichi, hata fundi hazitofautishi. Alichagua ya mageti.

Tarakimu za namba alizijaza mastiki laini ya kuzibia mashimo, akapaka, akaiingiza bloki tanurini mara moja tu, kiasi cha kutonata mkononi. Ilitoka inang'aa. Lakini injini ikichemka nusu saa, rangi ingevimba, mastiki ingedondoka, na namba ingesomeka bariyerini. Acha na wao waulizwe, alijiambia. Hakujua kama ile ilikuwa hasira au woga.

Mgeni alikuja jioni, akapitisha kidole juu ya chuma.

"Umechoma mara tatu?"

"Mara tatu."

Mgeni alifungua kinywa kama mwenye neno. Nshimiyimana akakohoa mlangoni. Mgeni akaishia kumshika Mutabazi mkono, akaubana kwa muda mrefu, akaondoka. Mutabazi aliuosha mkono ule kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, mkewe Swafiya aliinama chini ya meza akalitoa shati.

"Nguo ya marehemu haikai chini, Baba Kaliza," alisema kwa upole. "Nitaifua. Baada ya sala tutampa mtu asiye na nguo."

Mutabazi aliitikia kwa kichwa. Tangu Nkusi apotee, hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi ya kwanza aliyoweza kumeza uji. Alisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Swafiya alirudi na kikaratasi kilichokunjwa mara nne.

"Kilikuwa mfukoni," alisema. "Huu mwandiko ni wa Nkusi."

Mutabazi alikikunjua.

"Mdogo wangu, niko hai. Huyu aliyekuletea chuma ndiye ananificha, usimwogope. Tumia ile rangi ya Bujumbura, uchome kama tulivyozoea. Ijumaa alfajiri navuka daraja la Nyabarongo."