Sisi Wenye Mji

Dadi alikuwa ameshachovya kidole kwenye wino pale jumbe, mkuu wa mji, alipomshika mkono.

"Wewe ngoja kwanza."

Barua ilikuwa juu ya mkeka, haijakauka bado. Katibu alikuwa ameisoma kwa sauti mara mbili: Sisi wenye mji wa Bagamoyo hatuitaki bendera ya Wadachi, hawa Wajerumani, hapo forodhani. Nchi hii ni yetu sote.

Liliposomwa lile "yetu sote", watu walipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika uani. Dadi alipiga kelele kuliko wote. Siku tatu alikuwa akilinda ufukwe na gobore alilokabidhiwa, na bega lilikuwa limemvimba kwa teke lake kila alipolijaribu.

"Wanaotia alama ni wenye mji," jumbe alisema, tena kwa upole. "Wewe ni mtu wetu, Dadi. Umo humo humo ndani yetu."

Mtu wetu. Ndivyo walivyomwita mama yake pia, tangu siku waliyomnunua hadi siku waliyomzika.

Wino ulimtiririka kidoleni hadi kiganjani. Hakuna aliyempa kitambaa.

Nje mtu alipiga ukelele. Mashua za manowari ya Wadachi zilikuwa zimeteremshwa, zimejaa askari, zinaelekea pwani. Katibu aliikunja barua mbichi vile vile, ikachafuka.

"Dadi!" jumbe aliita. "Chukua gobore! Wamekuja!"

Dadi alikifuta kidole kwenye kitako cha gobore, taratibu, mpaka kikatakata.

"Wamekuja kwa nani, bwana?"