Renatus Amekula

"Nimekula," Renatus alimwambia muuguzi, akijitia kusikitika. "Viazi vikavu vya matobolwa na karanga, sahani nzima. Basi nitarudi siku nyingine."

Mara mbili alikwisha kughairi kipimo, kabla hata ya kutoka nyumbani, kwa kisingizio hicho hicho. Tangu kaka yake alipoanguka ghafla katikati ya shamba la tumbaku asiinuke tena, na daktari akashauri ndugu wote wapime mafuta kwenye damu, kila asubuhi ya kipimo Renatus aliamka na njaa ya ajabu.

Mkewe, aliyekuja naye kutoka Isevya, alitazama sakafu.

"Kula si tatizo, baba," muuguzi alisema. "Kwa kipimo hiki cha kawaida siku hizi hatumlazimishi mtu kufunga. Daktari akiona haja ndipo atakuambia uje na njaa. Kunja mkono wa shati."

Kifungo cha mkono wa shati kilikuwa kidogo, na vidole vya Renatus vilikataa kukishika. Mkewe akasogea, akakifungua yeye, taratibu.

"Mama Julieth," Renatus alimnong'oneza, "naogopa."

"Hata mimi," mkewe alijibu, naye hakuuachia ule mkono hata muuguzi alipokuwa akiufunga mpira.