Kondoo wa Pamba

Bi Mgeni wa nyumba ya pili anaapa kwamba mjukuu wake, alipoitwa na mamaye kutoka jikoni, aligeuka akatazama dari. "Mama yuko pale na mwiko mkononi, mtoto anamtafuta juu!" Tunu alicheka. "Bibi nawe kwa kutia chumvi!"

Siku hizi watoto wadogo husimuliwa hadithi na mashine ya maktaba iitwayo Sauti peke yake. Mzazi akithubutu kusimulia nyumbani, huitwa ofisi ya serikali kujieleza. Kazi ya Tunu hapo maktabani ni kuandaa michezo ya mikono. Jumanne moja aliandaa kondoo wa karatasi na pamba, akamketisha mwanawe Shamte mkekani na wenzake, Sauti ikaanza kusimulia kutoka darini.

Hadithi ilipokwisha, Tunu alimwita mwanawe kwa upole, hatua mbili tu nyuma yake. Shamte akainua uso juu, akatabasamu, akanyoosha mikono abebwe.

Tunu akamsogelea msimamizi.

"Dada Hidaya, nakuomba. Wiki ijayo niwasomee mimi. Hata ukurasa mmoja."

Hidaya aliendelea kubandika pamba kwenye kondoo wa mwisho, gundi ikimganda vidoleni, kisha akatupia dari jicho, akatikisa kichwa.