Unga Chini ya Tangi

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na kwa yale yaliyokwisha kutangulia: kisa hiki ni kweli tupu, sijakitia chumvi hata punje.

Mzee Sharubu alimkuta samaki wake dume wa pili mdomoni mwa paka, mkia ukining'inia nje kama kijiti cha kuchokolea meno. Wa kwanza alikuwa ameokotwa sakafuni juma lililotangulia, chini ya tangi, mkavu kama ganda.

Mzee huyu alikuwa mkaguzi wa mizani aliyestaafu. Jina alilipata kwa masharubu yake, meusi tii, marefu kiasi kwamba kila akinywa chai, yenyewe ndiyo yaliyotangulia kuonja. Paka aliitwa Diwani, na mwenye paka alikuwa kinyozi wa nyumba ya pili, kaka wa mke wake.

Kinyozi hakuomba radhi. Aliwatangazia wateja: "Jamani, shemeji yangu kafiwa tena. Marehemu ni dagaa." Watu walicheka mpaka ikabidi wembe usimame kwanza. Kicheko hicho kilimchoma mzee kuliko vifo vyote viwili.

Akaingia kinyozini bila hodi. "Nataka paka huyo ahame mji."

"Shemeji, Diwani anaogopa hata maji ya kunywa. Atavuaje samaki?"

"Nikikuletea ushahidi?"

Kinyozi akaacha kucheka. Alimpenda yule paka kama mtoto. "Ukileta ushahidi, nampeleka mwenyewe shambani kwa binamu, wala harudi. Ukikosa, unakaa kwenye kiti hiki na hayo masharubu yanateremka. Miaka na miaka mkono unaniwasha."

Wakashikana mikono.

Mzee akarudi nyumbani akalipamba tangi kama chumba cha bibi harusi. Akamwaga mchanga laini uliooshwa hadi ukatakata. Akatumbukiza mzizi uliochemshwa, na majani makavu, maji yakapata rangi ya chai nyepesi. Samaki wake walikuwa ndugu wa sato, ila vibete: dume urefu wa kidole cha kati, jike nusu yake. Kitu kimoja tu hakukigusa, kifuu cha nazi kilichofunikwa pembeni na kutobolewa kimlango. Humo ndimo alimojifungia jike, mjane wa madume wote wawili. Siku hizo alikuwa amegeuka wa njano mwili mzima.

"Ni majonzi hayo," mzee alimwambia mkewe. "Msiba lazima uheshimiwe."

"Nami nikifiwa ninenepe hivyo," mkewe akajibu.

Dume wa tatu alikuwa mzuri kupita wenzake, mapezi yamechongoka kama kilemba cha jogoo, mkia rangi ya moto. Mzee alimwachia ndani polepole, kisha akaliweka tangi juu ya kigoda, karibu na dirisha lililo wazi. Mfuniko hakuweka. Mfuniko, alisema siku zote, ni wa sufuria.

Halafu akachukua unga wote wa jikoni akautandaza sakafuni, ukuta hadi ukuta.

"Na kesho tutakula nini?" mkewe akauliza.

"Haki," akajibu.

Asubuhi akafungua mlango. Dume alikuwa amelala chini, mweupe kwa unga pande zote mbili, tayari kwa kikaango. Lakini unga uliomzunguka ulikuwa laini kama shuka iliyopigwa pasi. Hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Akainama tangini. Jike wa njano akafyatuka kifuuni, akagonga kioo mbele ya pua yake. Nyuma ya jike, kwenye kimlango cha kifuu, kilielea kitu kama vumbi lenye macho. Vitoto!

Mzee akaelewa. Hapakuwa na mjane humu, palikuwa na mama mzazi, naye hakutaka baba yeyote karibu na wanawe. Madume hawakuvuliwa na mtu. Waliruka wenyewe kuokoa roho zao. Diwani aliokota tu.

Basi paka hana kosa. Lakini kile kicheko cha kinyozini kilikuwa bado kinamlia masikioni, na kisasi kikishapikwa hakimwagwi. Akapiga magoti, akakusanya ncha za vidole, akaanza kuchapa nyayo ndogo ndogo, kutoka dirishani hadi kwa marehemu, na kurudi. Ili ziwe sawasawa, alilaza uso karibu kabisa na sakafu, kama zamani alipokuwa akisoma mshale wa mizani.

Kisha akamwita kinyozi.

Kinyozi alifika na kitana kichwani na Diwani begani. Akazitazama zile nyayo kwa muda mrefu. Akachutama.

"Ni za paka kweli. Nisamehe, shemeji. Nampeleka leo hii."

Akamshusha Diwani, akamkumbatia, akauficha uso wake manyoyani. Mzee akasikia utamu ukimshuka kooni kama asali.

"Usijali," akasema. "Haki ni haki."

Kinyozi akasimama ampe mkono wa kushindwa. Macho yake yakapanda taratibu, yakaishia chini ya pua ya mzee. Yakakaa hapo.

"Shemeji."

"Naam?"

"Jana ulikuwa kijana. Hayo masharubu yameota mvi saa ngapi?"

Kweli tupu, nimekwisha kuapa. Nanyi mnaoniuliza kwa nini siku hizi nakunywa chai bila kulowesha kitu chini ya pua, acheni upelelezi: wembe wa shemeji ni mkali, na Diwani alikaa mbele ya kioo akinitazama mpaka unywele wa mwisho.