Mkono Mmoja wa Fundi

Fundi aliinama, akainua shingo ya tela, ile nondo ya kulifungia kwenye gari, kwa mkono mmoja, kama anayeinua ndoo tupu.

"Mbele hakuna uzito," alisema. "Vizito vyote mmevirundika nyuma. Hata angeendesha malaika, lingeyumba tu. Nani alipakia?"

Mume, aliyesimama kando na mkewe, alilitazama jenereta ndani ya tela. Alikuwa ameliweka mwenyewe pale nyuma mlangoni, ili lishuke upesi. Njia nzima, kila tela lilipoyumba, alimfokea mkewe aliyekuwa akiendesha, mbele ya watoto, kwamba hajui kushika usukani, mpaka akamnyang'anya funguo. Bado zilikuwa mfukoni mwake.

Alifungua kinywa.

"Tulipakia pamoja, fundi," mkewe akawahi kujibu, naye asubuhi ile ya kupakia alikuwa kazini, na tela alilikuta limeshafungwa.